Kilo za Maji

Kila asubuhi, kabla ya kupima samaki wa kwanza, Matiko aliweka jiwe lake juu ya mizani. Lilikuwa jiwe la kilo ishirini kamili, alilokuwa amelipima kwenye mizani tatu za watu watatu wasiosalimiana, na hata hivyo hakuliamini moja kwa moja. Mizani ikisema ishirini, alianza kazi. Ikisema ishirini na robo, alilishuku jiwe kwanza, kisha mizani, kisha aliyefunga kibanda jana yake. Miaka ishirini na sita pale Mwigobero, mwaloni wanakoshushia samaki, ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akisogelea mizani hugeuka mtu mwingine. Kuna waliomnywesha sangara maji baada ya kufa. Kuna walioegemeza goti kwenye jukwaa huku wakimuulizia hali ya mkewe. Ndiyo sababu ya desturi ya kutoa maji: kwa kila kreti mpimaji alisoma uzito, akapunguza kilo moja, akatamka kilichobaki. Hakuna aliyeuliza kama maji yenyewe yalikuwa kilo moja kweli. Yalitolewa tu, kama kofia inavyovuliwa mlangoni mwa kanisa.

Jumamosi hiyo, saa mbili asubuhi, alikuja Hyasinta, katibu wa kamati ya mashindano ya mieleka ya mtindo huru ya mkoa. Mizani ya kamati ilikuwa imegoma, na wanamieleka wa Musoma, Bunda na Butiama walikuwa wameshapanga foleni wakiwa vifua wazi.

"Shikamoo, mzee Matiko. Tunakuomba wewe pamoja na mizani."

"Marahaba. Yenu imekufa lini?"

"Leo asubuhi."

"Leo hii hii ya mashindano," alisema Matiko. Walipakia kwenye guta mizani ya jukwaa, ile inayobeba hadi tani moja, naye akaketi juu yake mpaka kwenye ukumbi wa shule, maana hakuwa tayari kuiacha peke yake na dereva.

Shuku yake ilikuwa ya kazi, lakini watu wa Mwigobero walisema iliota mizizi miaka miwili nyuma, Rhobi alipoondoka. Rhobi alikuwa binti yake wa pekee, wa miaka ishirini na mbili. Kila Krismasi, tangu alipojua kusimama, baba yake alimpandisha kwenye mizani, na kila Krismasi Rhobi aliinua kisigino kimoja kumhadaa, mshale ukashuka kidogo, ukarudi, ndipo ukatulia. Krismasi ya mwisho ulitulia kwenye hamsini na nane. Machi iliyofuata aligombana na baba yake kwa ajili ya dereva mmoja wa malori wa Geita, na kesho yake alimuaga mama yake kwamba anakwenda Murangi kuchukua dagaa. Siku hiyo boti ya kutoka Murangi ilipinduka. Orodha ya abiria ilikuwa na majina kumi na tisa. Waliookolewa walikuwa kumi na watano, waliozikwa wanne, hesabu ikafungwa.

Jina la Rhobi halikuwemo. Matiko aliisoma orodha ile mara tatu, na kila mara alizidi kuamini kwamba binti yake hakupanda boti, alipanda lori. Alipiga simu yake, haikupatikana, na kutopatikana huko akakuchukua kuwa ushahidi. Mkewe Yuliana alimwambia mtoto hakubeba hata kitana. Alitaka misa ya marehemu na matanga, lakini nyumbani kwao msiba hutangazwa na baba, na baba hakutangaza. "Sifanyi msiba wa mtu anayekula wali Geita," alisema. Tangu siku hiyo hakumwita tena mkewe Mama Rhobi. Alimwita "wewe."

Ukumbini alipima watu thelathini na wanne. Wa kwanza alikuwa Gody wa Bunda, bingwa mara tatu mfululizo wa kilo sitini na tano, kijana mwenye shingo pana kuliko kichwa.

"Sitini na nne," alitamka Matiko.

"Mzee, mshale umesema sitini na tano," alisema Hyasinta. "Hawa si samaki. Usitoe maji."

Watu walicheka, na Matiko akajisahihisha. Sitini na tano kamili, bila gramu ya ziada, na ukamilifu huo nao akaushuku. Pembeni alisimama mjomba wake Gody, Bwana Revocatus, mdhamini wa mashindano, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye ile boti iliyopinduka na ndiye mwenye mpya iliyochukua nafasi yake. Alimwitikia Matiko kwa kichwa. Matiko alimsalimia, na baada ya kumsalimia alikagua kama goti la mtu lilikuwa karibu na jukwaa.

Wa mwisho alikuwa Renatus wa Murangi, mvuvi wa dagaa mwembamba wa miaka ishirini na minne. Alikuwa amekutana na Gody mara tatu miaka ya nyuma, na mara zote tatu alinyanyuliwa na kubwagwa kabla watazamaji hawajakaa vizuri. Kisha akaacha mieleka miaka miwili. Mshale ulisema sitini na tatu. Alipokwisha kushuka, jukwaa lilikuwa limelowa. Matiko alimtazama nywele, zilikuwa kavu. Akazitazama nyayo juu ya bati, zikawa nyingi kuliko miguu iliyopanda, na mojawapo ilikuwa ya mtoto. Akachukua kitambaa, akafuta, akasaini fomu.

Pambano lao lilikuwa la fainali, na mwamuzi alikuwa Sara, mwalimu kutoka Butiama aliyekuwa na cheti na filimbi yake mwenyewe. Kanuni zake si ngumu. Vipindi ni viwili vya dakika tatu tatu, pointi hutolewa kwa kumwangusha mwenzako au kumtoa nje ya duara, na atakayeyabana mabega yote mawili ya mwenzake kwenye mkeka amemaliza kazi papo hapo. Mshindi angechukuliwa na timu ya taifa kambini Dar es Salaam, na kutoka kambini, kila mtu alijua, kuna mlango wa ajira jeshini. Gody alikuwa ameshaagwa na ukoo mzima Bunda. Renatus alikuja na begi la shule la dada yake.

Kipindi cha kwanza kilikwenda kama ilivyotarajiwa. Gody alimsukuma nje mara moja, akamvuta mguu na kumwangusha mara mbili, akawa na pointi tano kwa sifuri. Renatus aliinuka kila mara bila haraka, akajifuta uso, akarudi katikati. Mkeka ulikuwa na unyevu aliposimama, na Sara alisimamisha pambano ili ufutwe. Uliposimamishwa kwa mara ya pili, Matiko alihamisha kiti chake karibu zaidi. Alikuwa akitafuta chupa.

Mwanzoni mwa kipindi cha pili Gody aliamua kuwafurahisha waliomchangia nauli. Alipita nyuma ya Renatus, akafunga mikono kiunoni, akakunja magoti na kunyanyua. Renatus hakuondoka chini. Gody akashusha pumzi, akabana upya, akanyanyua tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na zikasikika mbao za sakafu zikilia chini ya mkeka. Goti lake likamsaliti. Alikwenda chini chali, Renatus akageuka juu yake, na wale wote wasioonekana waliokuwa wamemshikilia Renatus asinyanyuliwe wakaja naye. Sara alilala kifudifudi kuangalia mabega. Yote mawili yalikuwa yamegusa. Akapiga mkeka kwa kiganja, na maji yakaruka.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema mtu mmoja nyuma, kwa sauti ndogo, kwa kuwa Bwana Revocatus alikuwa amekaa mbele.

Bwana Revocatus hakupandisha sauti. Aliwaita wanakamati, mwamuzi na mpimaji kwenye chumba cha vifaa, ambako mizani ilikuwa imewekwa, akafunga mlango.

"Huyu ana kitu mwilini," alisema. "Apekuliwe."

Renatus alipekuliwa. Hawakukuta chuma wala hirizi. Nguo yake ilidondosha maji yenye harufu ya ziwa, na kwenye mshono wake kulikuwa na jani la gugu-maji, ambalo Hyasinta aliliweka mezani kama kielelezo. Akapandishwa kwenye mizani, ikasema sitini na tatu.

"Mjomba," alisema Gody, aliyekuwa bado ameshika kiuno, "pale sikunyanyua mtu mmoja. Hebu nimnyanyue hapa hapa, mtaona."

Akasimama sakafuni nje ya jukwaa, akamkumbatia Renatus kutoka nyuma na kuvuta juu. Mshale ukaondoka kwenye sitini na tatu, ukapita mia, ukapita mia nne, ukaenda kutulia kwenye mia sita na tisini. Maji yakaanza kushuka kingoni mwa jukwaa.

Matiko aliutazama mshale. Alitazama chini ya jukwaa, akatazama magoti ya waliosimama karibu. Kisha akaomba jiwe lolote, akaletewa dambeli ya kilo ishirini, akaiweka, mshale ukasema mia saba na kumi. Mizani ilikuwa sawa. Ilimuuma kidogo kwamba ilikuwa sawa.

"Ni akina nani?" alimuuliza Renatus.

"Wale wa boti, baba," alisema Renatus. "Siku ile mimi ndio nilizamia. Nikatoa maiti wanne. Nilikuwa nawashika wengine, mikono yao naishika hivi, watu wa bosi wakaninyanyua wakanitia kwenye mtumbwi. Wakasema hesabu imetimia, tusichelewe. Tangu hapo mtu akitaka kuninyanyua, wananishika. Mama yangu ameshazoea. Huwaga anatandika chini, wakitaka kulala."

Hyasinta aliuliza kama waandikwe kwenye fomu ya kwanza au ya marudio.

Matiko alifanya anachofanya mzigo unapokuwa wa watu wengi. "Shukeni mmoja mmoja," alisema. "Gody, usimwachie."

Mshale ukaanza kurudi nyuma. Sabini na moja, alitamka Matiko. Sitini na nne. Themanini, huyo alishuka kwa taabu. Kumi na mbili. Arobaini na tisa. Hyasinta aliandika. Sitini na sita. Kisha mshale ukashuka, ukasita, ukapanda kidogo, ukarudi, ndipo ukatulia. Hyasinta akasubiri kalamu ikiwa juu.

"Mzee?"

"Hamsini na nane," alisema Matiko.

Moyo wake ulivunjika pale pale, na mkono wake ukabaki umeshika ukingo wa mizani kama kawaida. Binti alikuwa amepanda boti. Hakwenda Geita, hakula wali wa mtu, alikwenda kuchukua dagaa kama alivyoaga. Miaka miwili Matiko alimshuku mtoto aliyekuwa ziwani, na sasa mtoto alikuwa ameinua kisigino ili ajulikane. Akamwomba msamaha kwa kilugha, kimoyomoyo. Kisha akatamka walioshuka baada yake, wanne, mpaka mshale ukarudi kwenye sitini na tatu, kisha ukaanguka hadi sifuri, Gody akabaki amemnyanyua kijana mwembamba hewani.

"Kumi na mmoja," alisema Hyasinta. "Jumla yao mia sita ishirini na saba."

Bwana Revocatus alivuta kiti akakaa. Alikuwa mtu mtulivu, na utulivu huo ndio uliokuwa umemfikisha alipofika.

"Mzee Matiko, nisaidie," alisema. "Pale Mwigobero, kitu kikitoka ziwani si huwaga tunatoa maji?"

"Tunatoaga."

"Basi toa maji. Ukiandika watu, huyu kijana ana kilo mia sita na tisini. Daraja lake ni sitini na tano, kwa hiyo amezidisha, anaondolewa, Gody anakwenda Dar. Ukiandika maji, ana sitini na tatu, ameshinda kihalali. Mimi nitamvisha medali kwa mkono wangu. Sina kinyongo."

Wanakamati waliona ni maneno ya busara. Mwalimu Sara pekee alisema kwamba alikuwa hajawahi kuona maji yanayoshuka mmoja mmoja yakiambiwa, lakini kanuni zilimpa mamlaka ndani ya duara tu, na pale palikuwa nje ya duara.

Kwa mara ya kwanza Matiko hakumshuku Bwana Revocatus: alikuwa na hakika kabisa anadanganya. Akamgeukia Renatus. "Mwanangu, unasemaje?"

Renatus alikuwa anatetemeka kwa baridi. "Baba, mimi nawabeba ukiandika vyovyote," alisema. "Ila nikiondolewa, narudi kwenye mtumbwi. Na pale tunapopita usiku kuvua ndipo walipozama. Wanalia nikipita."

Matiko akashika kalamu. Aliomba kitu kimoja, kwamba namba zote kumi na moja ziandikwe, kila moja peke yake, na Hyasinta akakubali kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Juu ya namba hizo Matiko aliandika *Maji*. Chini yake aliweka saini. Aliona aibu kubwa, na hata yeye, hodari wa kutafuta wa kulaumiwa, hakumpata mwingine wa kumtwisha aibu hiyo.

Medali ilivishwa saa kumi. Bwana Revocatus alimpa mshindi mkono, kisha akafuta kiganja kwenye suruali.

Nyumbani, Yuliana alikuwa anapepeta mtama uani. Matiko alisimama mbele yake na kofia mkononi.

"Mama Rhobi," alisema.

Yuliana aliweka ungo chini. Alijua habari yote kwa jina lile, lakini alimwacha aseme hadi mwisho.

"Alikuwa kilo ngapi?" aliuliza.

"Hamsini na nane."

Yuliana alifikiri. "Basi hajakonda," alisema, ndipo akalia, naye Matiko akakaa chini kando ya mtama akalia pia. Jioni hiyo alitangaza msiba.

Misa ilisomwa bila shida. Tatizo lilikuwa cheti cha kifo. Ofisini waliambiwa kwamba marehemu wa ajali ile ni wanne, na asiyekuwa kwenye orodha ni msafiri ambaye hajarudi. Wakati huo habari ilikuwa imeshafika vijijini, na watu walianza kuja kibandani Mwigobero, kila mmoja na uzito wake. Mbuke wa Bunda alikuja kuuliza kama kulikuwa na themanini, mume wake alikuwa mnene. Kulikuwa nayo. Baba mmoja alitoa kadi ya kliniki ya mtoto, akaweka kidole kwenye mahali palipoandikwa kilo kumi na mbili. Matiko aliitikia kwa kichwa, na yule baba akakunja kadi, akairudisha mfukoni, akabaki amesimama pale mpaka kreti sita zikapimwa.

Wakaandika barua, familia kumi na moja. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, yakiwa na mhuri. Yalisema kumbukumbu rasmi iliyopo ni fomu ya mashindano, kwamba fomu hiyo inaonyesha maji, kilo mia sita ishirini na saba, na kwamba saini ya mpimaji ni ya Matiko mwenyewe. Matiko aliichunguza saini ile kwenye nakala kwa muda mrefu akitafuta kasoro. Ilikuwa yake.

Renatus alitakiwa kambini Jumatatu. Yuliana alisema hataki Rhobi abebwe mpaka Dar es Salaam bila kuagwa na mama yake, kwa hiyo Jumamosi walijiandaa kwenda Murangi. Mvua ilikuwa imekata barabara. Ikabaki boti ya Bwana Revocatus, ile mpya, yenye kibali cha abiria kumi na tisa.

Walifika mwaloni saa tatu wakiwa na kuku mmoja wa kumpa Renatus na kitana kimoja cha Rhobi. Karani wa boti alikuwa juu ya kreti na daftari lake, ambalo lilikuwa na mistari kumi na tisa kila ukurasa. Matiko alihesabu vichwa ndani ya boti. Vilikuwa thelathini na moja, na watu walikuwa bado wanapanda, maji yakiwa yameshafikia mstari wa rangi nyekundu ubavuni.

"Andika," alisema. "Matiko, na Yuliana."

Karani aliangalia ukurasa, ukawa umejaa. Akafunga daftari, akalitia kwapani.

"Pandeni tu, mzee. Majina yametosha."

Matiko alimtazama karani, akamtazama nahodha, akaitazama ile rangi nyekundu. Hakumwamini hata mmoja wao. Lakini Yuliana alikuwa ameshakunja kitenge chake na kuingia, na upande wa pili kulikuwa na mtoto wao wa kumuaga. Akapanda.

Waliketi wamebanana na mama mmoja aliyebeba mche wa mwembe kwenye kopo, mtu wasiyemjua. Boti iliposukumwa, Yuliana alimgusa mkono yule mama, akamtajia jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha akamtajia la mume wake vivyo hivyo. Yule mama hakuuliza kwa nini. Aliyarudia mara mbili asiyasahau, halafu akataja la kwake.